Visu vya Gusii

Ukitoka mjini Kisii kuelekea Oyugis unapita Nyakoe, soko la kando ya barabara katika nchi ya Wagusii wa Kitutu. Vilima hivi vilijua upasuaji kabla ya hospitali. Mtu aliyepigwa rungu kichwani, maumivu yakakataa kuondoka, alipelekwa kwa omobari, mpasuaji wa jadi. Huyo alichana ngozi, akaufunua mfupa wa kichwa na kuukwangua polepole hadi karibu na utando wa ubongo, kisha akalifunga jeraha. Ufundi huo baba alimrithisha mwana. Edward Margetts, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Kanada aliyefanya kazi Nairobi miaka ya 1950, aliuchunguza na kuandika juu yake. Wapo waliopasuliwa zaidi ya mara moja na wakaishi.

Naanza na omobari kwa sababu tumezoea kusimuliwa kwamba nuru iliingia Gusii mwaka 1911, Wakatoliki walipofika Nyabururu, kisha Waadventista wakafungua misheni ya Nyanchwa. Elimu ilikuwepo.

Lakini kilikuwepo pia kisu cha omosari, yaani ngariba, kilichowakeketa wasichana wangali wadogo. Asiyekeketwa aliitwa egesagane, na aibu ya jina hilo ilimwangukia yeye na mama yake. Wamisionari wa Kiadventista walikemea. Waumini waliitikia amina kanisani, na nyumbani binti akapelekwa vilevile, kwa maana mahubiri yaliugusa mwili wa msichana, ile aibu yakaiacha palepale.

Kisha ikaja zamu ya sayansi, na hapa ndipo moyo wangu unapouma. Wazazi walioogopa pepopunda na UKIMWI walimwacha omosari wakamtafuta muuguzi. Akaja na ganzi, glavu na wembe mpya. Utafiti wa Population Council wa mwaka 2004 ulieleza jinsi kazi hiyo ilivyohamia mikononi mwa wahudumu wa afya hapa Gusii. Waliulizwa namna ya kukata bila kuua, wakajibu kwa ustadi. Kwa nini mtoto akatwe, hilo hawakuulizwa, wala wao hawakuuliza. Omobari na vyombo vyake duni alikata ili kumwondolea mtu maumivu. Muuguzi mwenye cheti alimkata mtoto asiye na ugonjwa wowote.

Sheria ya 2011 ilipiga marufuku ukeketaji, awe anayekata ni ngariba au daktari, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka mitatu au faini isiyopungua shilingi 200,000. Hata hivyo, uchunguzi wa kitaifa wa 2014 ulikuta wanawake 84 kati ya kila 100 wa Kigusii wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Mwaka 2017 daktari Tatu Kamau aliipinga sheria hiyo mahakamani, akitetea hiari ya mwanamke mtu mzima; Mahakama Kuu ilimkatalia Machi 2021.

Zamani wanawake waliwasindikiza wasichana kwa nyimbo alfajiri, kijiji kizima kikisikia. Siku hizi shule zikifungwa mwisho wa mwaka mlango hufungwa pia, na jirani hasikii kitu.