Wageni wa Januari

Aliyewahi kupukuchua mahindi kwa mkono anajua jinsi kidole gumba kinavyochubuka kabla debe halijajaa. Ndiyo maana wengi wetu hutia mahindi makavu kwenye gunia, tukayachapa kwa fimbo, kisha tukakubali hasara ya punje zilizovunjika. Kazi hiyo ya uani, ambayo kwa kawaida huachiwa wanawake na watoto, ndiyo iliyomfanya Jodie Wu, mhitimu wa uhandisi wa mitambo wa chuo cha MIT nchini Marekani, afungue kampuni Arusha mwaka 2009. Aliiita Global Cycle Solutions. Bidhaa iliyoitambulisha ni kifaa cha kupukuchulia kinachofungwa kwenye baiskeli: unainua gurudumu la nyuma, unafunga kifaa, mmoja anakanyaga pedali na mwingine analisha mahindi. Kazi ikiisha unakifungua, na baiskeli inarudi barabarani.

Kifaa hicho hakikuzaliwa MIT, wala hakikuzaliwa Arusha. Asili yake ni Guatemala, kwa fundi Carlos Marroquín wa Maya Pedal, kikundi kinachogeuza baiskeli kuukuu kuwa mashine za kupukuchua, kusaga na kuvuta maji. Lakini mashine za namna hiyo hukaa mahali pamoja. Baiskeli ikishageuzwa haiendi tena sokoni. Kwetu nani atakubali? Baiskeli ndiyo inayobeba maji, mkaa, mkungu wa ndizi, mama mjamzito na mtoto wa shule, wakati mwingine vyote katika siku moja. Ilibidi mashine iifuate baiskeli, isiwe baiskeli kuifuata mashine. Badiliko hilo moja ndilo akili yote ya kifaa kile, na lilitokana na kuwatazama watu wanavyoishi.

Darasa la MIT lililomfikisha Wu Tanzania lina historia yake. Mwalimu wake, Amy Smith, alifanya kazi ya kujitolea Botswana katika miaka ya 1980, akiwa na Peace Corps, shirika la serikali ya Marekani. Aliporudi MIT alishughulikia mashine ya kusaga nafaka. Mashine za kawaida za nyundo hutegemea chekeche la chuma kutenganisha unga na chenga. Chekeche likitoboka, kijijini hakuna wa kulitengeneza, na mashine inageuka kiti cha kuku. Smith aliliondoa chekeche kabisa, akauacha upepo unaozalishwa na mashine yenyewe utenganishe unga, ili fundi wa kawaida aweze kuiunda yote. Mwaka 2000 alipata tuzo ya Lemelson-MIT ya wanafunzi, na mwaka 2004 tuzo ya MacArthur. Katikati ya hayo, mwaka 2002, alianzisha somo kuhusu Haiti ambalo lilikua na kuitwa D-Lab. Wanafunzi walisoma matatizo ya mahali fulani, wakasafiri kwenda kuyaona, wakarudi kuunda vifaa. Tanzania iliingia katika orodha ya nchi walizozuru.

Peace Corps nayo ilipita kwetu mapema sana. Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kupokea vijana wake, mwaka 1961, mwaka ule ule wa uhuru. Kundi hilo la wapima ardhi, wahandisi wa ujenzi na wanajiolojia lilinolewa kwanza katika chuo cha Texas Western, El Paso, kabla ya kuja kupima barabara. Kwa hiyo habari ya chuo cha Marekani kuandaa vijana kuja kututatulia shida ina umri sawa na bendera yetu. Rais Nyerere naye hakuchelewa kuonyesha kuwa mgeni hukaa kwa ridhaa ya mwenyeji: mwaka 1969 Peace Corps iliondoka, na haikurudi hadi 1979.

Tofauti ya vijana wa 1961 na wa 2009 ni biashara. Wa kwanza walitumwa na serikali yao, wakalipwa posho, wakaondoka. Wa pili walikuja na mpango wa kampuni. Mabadiliko hayo yalianzia katika shule za biashara: Harvard ilianzisha mpango wake wa biashara zenye lengo la kijamii mwaka 1993, shindano la Berkeley la biashara za namna hiyo likafuata mwaka 1999, na Oxford ikafungua kituo cha Skoll mwaka 2003. Hoja yao ilikuwa kwamba msaada huisha mfadhili akichoka, ila biashara inayojilipa huendelea. Huo ndio ujasiriamali wa kijamii, na kwa nadharia sina ugomvi nao. Mama muuza maandazi aliyesomesha watoto watano aliufahamu kabla haujapewa jina.

Wasiwasi wangu uko kwenye kalenda. Safari za D-Lab kwa kawaida zilifanyika Januari, kwa sababu mwezi huo MIT haina masomo ya kawaida. Ni kipindi kilichoachwa wazi kati ya mihula miwili. Kwa Arusha, Januari ni mwezi wa jua na kuandaa shamba. Mahindi ya masika hupandwa mvua zikikaribia, na mavuno makubwa huja Julai na Agosti. Kwa hiyo mwanafunzi anayekuja kujifunza kupukuchua hufika wakati ambao wenyeji wake wengi hawapukuchui. Anaonyeshwa, anaelezwa, labda anatafutiwa mahindi machache ya mfano. Mavuno yenyewe, pamoja na haraka yake, madalali wake na vibarua wake, yeye hayaoni.

Nadhani hapo ndipo baiskeli ile iliposhindwa kukimbia kama ilivyotarajiwa. Mwenye magunia mengi humwita mwenye trekta au mashine ya injini anayezunguka mashambani msimu wa mavuno, akalipa kwa gunia, kazi ikaisha siku hiyo hiyo. Mwenye magunia mawili ana watoto na fimbo. Na kifaa kinachofanya kazi wiki chache kwa mwaka ni mzigo kwa muuzaji anayehitaji mauzo kila mwezi. Global Cycle Solutions baadaye ilielekea kwenye taa za sola, ambazo watu walizihitaji kila usiku. Wapo watakaosema kampuni iliuacha wito wake. Mimi naona ilijifunza biashara ya Arusha kutoka kwa wanunuzi wa Arusha, somo ambalo safari ya Januari haiwezi kulitoa.

Mtu aliyebaki katika hadithi hii ni Bernard Kiwia. Ni fundi baiskeli wa Arusha, anayejulikana kwa chaja ya simu inayoendeshwa kwa baiskeli. Mwaka 2007 Smith na wenzake waliitisha MIT mkutano wa kimataifa wa ubunifu uliokuwa na utaratibu mwingine: washiriki hawakuwa wanafunzi peke yao, walikuwemo mafundi, wakulima na walimu kutoka nchi nyingi, wakiunda vifaa pamoja kwa wiki kadhaa. Mwaka 2009 mkutano huo ulifanyika Kumasi, Ghana, na mwaka 2014 ukafika Arusha. Kiwia aliingia katika mtandao huo akiwa fundi, akatoka akiwa mwalimu. Alishiriki kuanzisha Twende, karakana ambamo mtu anafundishwa kuunda kifaa chake mwenyewe: kukata, kuchomelea, kujaribu, kukosea, kurudia. Kaskazini mwa Uganda pia D-Lab ilitumia mbinu hiyo kwa watu waliokuwa wakirudi vijijini baada ya vita.

Kwangu mimi huo ndio mgeuko mkubwa wa historia hii, mkubwa kuliko kifaa chochote. Mwaka 2002 mwenyeji alikuwa mtu wa kuulizwa maswali. Miaka michache baadaye alikuwa ameshika nyundo.

Nairobi ilichukua njia nyingine. David Auerbach, Lindsay Stradley na Ani Vallabhaneni walikutana wakisoma biashara MIT, wakaanzisha Sanergy, na mwaka 2011 wakashinda zawadi kuu ya dola 100,000 katika shindano la chuo hicho. Vyoo vyao vya buluu vya Fresh Life viliwekwa Mukuru, mtaa ambao mabomba ya majitaka hayakuwa yameufikia. Mwenyeji aliendesha choo kama biashara, kinyesi kikakusanywa kwa vyombo maalumu, kisha kikageuzwa mbolea na chakula cha mifugo. Hapakuwa na suala la msimu: choo kinahitajika kila siku. Na waanzilishi hawakurudi muhula ulipoanza; walihamia Nairobi.

Kitu ambacho wageni wengi hawakukiuliza ni nani aliwatangulia. SIDO, shirika la serikali la kuendeleza viwanda vidogo, ilikuwepo tangu 1973. CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, kiliundwa kwa sheria ya 1981, na makao yake ni Arusha hapo hapo. Nasi pia tuna lawama yetu: ofisa wa kwetu akisikia neno MIT hukaa wima, lakini fundi wa mtaa wa Unga Limited, Arusha, akija na wazo lile lile anaambiwa aache barua mapokezi.

Fedha nazo zilikuwa na mwenyewe. Mwaka 2012 shirika la misaada la Marekani, USAID, liliunda mtandao wa vyuo 7 vya kutafuta suluhisho za maendeleo, MIT ikiwa mojawapo. Kimoja tu kilikuwa nje ya Marekani, nacho ni Makerere cha Uganda, kilichoongoza vyuo vingine vya Afrika chini ya mpango wa ResilientAfrica Network. Kimoja kati ya 7, kwa mtandao ambao shida zake nyingi ziliokotwa huku kwetu. Tarehe 1 Julai 2025 USAID ikakoma rasmi kufanya kazi.

Vyuo vyetu vitaendelea kuletewa mikataba, na makamu wakuu wa vyuo wataendelea kuisaini mbele ya kamera. Naomba kabla ya kusaini waulize mambo mawili: jina la fundi wa hapa liko ukurasa wa ngapi, na wageni watafika mwezi gani. Mahindi ya Arusha yanavunwa Julai.