Kinubi cha Daudi na Ngoma ya Chuka

Masomo: 1 Samweli 16:14-23, 18:6-11

Katika masomo yetu tunamwona mfalme Sauli mara tatu, na kila mara pana muziki karibu naye. Kwanza anasumbuka rohoni. Daudi anapiga kinubi, naye anatulia. Kisha anawasikia wanawake wakiimba na kumhesabia Daudi ushindi mkubwa kuliko wake, na tangu siku hiyo anamtazama kijana yule kwa jicho la wivu. Mara ya tatu Daudi anapiga kinubi tena, lakini Sauli anamtupia mkuki. Ni nini kilichobadilika? Wimbo ulimwambia Sauli kwamba yeye ni mtu aliyeshindwa, naye akauamini.

Jambo hili tunalijua sisi tunaokaa mashariki ya Mlima Kenya. Wamisionari wa C.M.S. walianza kazi Kigari, Embu, mwaka wa 1910. Wamethodisti wakaanza Meru mwaka wa 1912. Na Kanisa la Scotland likafungua Chogoria mwaka wa 1922. Waliwakuta watu wenye nyimbo za kazi, za tohara, za arusi. Huko Chuka wapigaji walibana ngoma ndefu katikati ya mapaja, wakazipiga kwa mikono huku wakicheza. Mtu aliposikia mlio ule alijua yuko kwao.

Waliobatizwa wakaambiwa waache ngoma. Ilikuwapo sababu, maana baadhi ya ngoma zilifungamana na mambo yasiyomfaa Mkristo. Lakini mahali pake ziliwekwa tuni za Ulaya. Nazo Kimeru na Kiembu ni lugha ambazo sauti ikipanda au ikishuka, neno laweza kugeuka maana. Tuni ilipopanda mahali ambapo neno hushuka, mwimbaji alitamka neno la kwao kwa sauti isiyo ya kwao. Wengi walimpenda Yesu kwa moyo wote, na bado wakadhani kwamba anayemwimbia Mungu ni lazima kwanza awe mgeni nyumbani kwake.

Mwaka wa 1929 ukazuka ubishi juu ya tohara ya wasichana. Watu wengi waliacha makanisa, hata huko Chogoria. Katika nchi ya Wakikuyu vijana waliimba Muthirigu, wimbo wa kuwadhihaki wamisionari na machifu, na mwaka wa 1930 serikali ikaupiga marufuku. Kwa nini serikali yenye bunduki iogope wimbo? Kwa sababu waliokuwa mmoja mmoja, walipouimba, walijiona kuwa kundi moja lenye nguvu. Malalamiko yao mengine yalikuwa ya haki. Lakini juu ya wasichana wimbo ulikosea, na leo sheria ya Kenya ya mwaka wa 2011 inakataza kitendo hicho. Utamu wa wimbo si ushahidi wa ukweli wake.

Mwaka wa 1937 Uamsho uliingia Kenya kutoka Rwanda na Uganda, na pamoja nao wimbo wa Kiganda, Tukutendereza. Wasiojua Kiganda waliuimba, wakakumbatiana na watu wa makabila mengine. Vita vya Mau Mau vilipokuja na hali ya hatari kutangazwa mwaka wa 1952, wengi wa ndugu hao walikataa kula kiapo, na wengine wakauawa. Walikuwa wamekwisha kuimba kwamba wao ni wa Yesu, na siku ya kujaribiwa hawakusahau.

Nimalizie na jambo nililoliona mwenyewe. Nilimpelekea Ushirika Mtakatifu nyanya mmoja aliyekuwa amepoteza kumbukumbu. Hakuwajua hata watoto wake. Nilipokuwa nikitandaza kitambaa alianza kuimba, akipiga ubao wa kitanda kwa kiganja. Haukuwa wimbo wa kanisa. Ulikuwa wimbo wa wasichana wakati wa kuvuna mtama. Binti yake aliona haya, akataka kumnyamazisha. Nikasema, “Mama, mwache.” Alipomaliza, bila kubadilisha mapigo ya mkono wake, akaingia katika tenzi aliyofundishwa alipobatizwa. Kisha akamtazama binti yake, akamwita kwa jina.

Madaktari nao wameona kwamba nyimbo za ujana hubaki kwa mgonjwa baada ya mengi kupotea. Mimi nilijifunza neno moja zaidi: Mungu aliyemwita nyanya yule hakumtaka aache nusu ya nafsi yake nje ya mlango.

Ndugu yangu, redio yako na simu yako huimba mchana kutwa. Jiulize jioni hii: nyimbo hizi zinaniambia mimi ni nani? Nawe mzazi, siku mtoto wako atakaposahau yote, ni wimbo gani utakaobaki?

Tuombe. Ee Bwana, uliyetupa koo na masikio, tuimbishe kweli yako kwa sauti zetu wenyewe, hata tusisahau kwamba sisi ni wako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.