Sumu ya Haraka na Sumu ya Polepole: Mzigo wa Ushahidi Makueni na Kitui

Kati ya Januari na Julai 2004, watu 317 wa mashariki mwa Kenya, wengi wao wakazi wa Makueni na Kitui, waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Macho yaligeuka manjano, matumbo yakafura, na 125 kati yao wakafariki. Wataalamu walifika upesi. Walipima damu za wagonjwa na za majirani waliokuwa wazima, wakachunguza jinsi mahindi yalivyohifadhiwa ndani ya nyumba yakiwa mabichi, na wakagundua kuwa zaidi ya nusu ya sampuli za sokoni zilipita kiwango kilichoruhusiwa wakati huo, sehemu 20 kwa bilioni. Msiba ulikuwa mkubwa, lakini chanzo chake kilijulikana wakati ugonjwa bado unaendelea.

Mwezi Mei 2015 mafuta yalivuja kutoka bomba la Mombasa hadi Nairobi, lililojengwa mwaka 1978, yakaingia katika mto Thange, jirani na mji wa Kambu. Safari hii hapakuwa na mamia ya wagonjwa waliolazwa kwa mkupuo. Ndiyo maana suala hilo likaishia mahakamani badala ya hospitalini, na hukumu ikatoka miaka 10 baada ya mafuta kuvuja. Dai langu ni kwamba taratibu zetu za kuthibitisha madhara zimezoea sumu inayoua kwa wiki, na kwa hiyo zinamwonea anayeathirika kidogo kidogo.

Tuanze na maji yenyewe. Mito mingi ya Ukambani hukauka juu na kubaki na maji chini ya mchanga. Kiangazi kikikaza, watu huchimba shimo katikati ya mto, hungoja maji yajae, huyachota kwa kikombe hadi mtungi ujae, kisha humpakia punda. Petroli ni nyepesi kuliko maji, hivyo huelea juu yake, na shimo la mchangani hukusanya hasa tabaka hilo la juu. Sehemu nyingine huyeyuka ndani ya maji, na hapo ndipo penye hatari isiyoonekana. Benzini ni mfano mmoja: Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita ya maji ya kunywa, kwa kuwa kemikali hiyo huharibu uboho wa mifupa na husababisha saratani ya damu. Kiasi hicho ni kidogo mno, hata pua haiwezi kukigundua. Mtu anaweza kuyanywa maji yasiyo na harufu yoyote na bado akawa amekipita kikomo.

Kinachonishughulisha zaidi ni muda. Benzini hutoka mwilini ndani ya siku chache, ilhali madhara yake huweza kujitokeza baada ya miaka. Ukimpima mkazi miaka mitano baada ya kuvuja, damu yake itakuwa safi, na wakili wa upande wa pili atalisoma jibu hilo kwa furaha. Kumtaka mwanakijiji athibitishe kwa mwili wake kwamba alitiwa sumu ni kumdai stakabadhi iliyokwisha kuyeyuka. Mwenye bomba ndiye anayejua shinikizo lilishuka lini na lita ngapi zilipotea.

Wapo watakaosema kwamba bila uthibitisho wa chanzo kila mwenye maradhi atadai fidia. Hoja hiyo ina uzito kwa fidia ya mtu mmoja mmoja. Haina uzito katika kusafisha mto, kupima visima na kufuatilia afya ya wakazi. Ibara ya 70 ya Katiba ya 2010 inasema wazi kwamba anayedai haki ya mazingira safi halazimiki kuonyesha kuwa kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Watunga katiba waliliona tatizo hili mapema.

Julai 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Makueni iliamuru wakazi zaidi ya 3,000 wa Thange walipwe fidia inayozidi shilingi bilioni 3. Ni ushindi, lakini tuwe waangalifu tusije tukauona kuwa ndio utaratibu unaofaa. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioathiriwa na madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, walipewa shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, wakapokonywa na Mahakama ya Rufani mwaka 2023, wakarudishiwa na Mahakama ya Juu Desemba 2024. Mtoto aliyezaliwa kesi ikiendelea alikuwa ameshaanza shule.

Serikali ya kaunti na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira hazihitaji hukumu nyingine ili kupima visima vyote vilivyo kando ya bomba, kuanzia Mtito Andei kupitia Kambu hadi Kibwezi, kila mwaka, na kuyabandika matokeo sokoni. Gharama ilipwe na mwenye bomba.