Msumbiji: Bunduki za vita zilizogeuzwa kiti cha enzi

Katika jumba la British Museum mjini London kumehifadhiwa kiti kilichotengenezwa Maputo mwaka 2001. Kila kipande chake kilikuwa sehemu ya bunduki. Aliyekiunda ni msanii wa Msumbiji, Cristóvão Canhavato, ajulikanaye zaidi kwa jina la Kester.

Bunduki hizo zilibaki baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya serikali ya Frelimo na waasi wa Renamo. Vita hivyo vilianza mwaka 1977, miaka miwili tu baada ya uhuru, na inakadiriwa kuwa watu wapatao milioni moja walipoteza maisha. Mkataba wa amani ulitiwa saini mjini Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Wapiganaji walirudi makwao, lakini silaha nyingi zilibaki zimefukiwa mashambani au zimefichwa majumbani, kwani si rahisi kwa mtu aliyeishi kwa bunduki kuamini kwamba hataihitaji tena.

Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, kwa uongozi wa Askofu Dinis Sengulane wa Kanisa la Anglikana, lilianzisha mradi wa kugeuza silaha kuwa majembe. Aliyeleta bunduki hakuulizwa alikuwa upande gani. Alipewa kitu cha kumsaidia kujitafutia riziki: jembe, cherehani, baiskeli au mabati ya kuezekea nyumba. Silaha zilikatwakatwa zisiweze kufyatua tena, na baadhi ya vipande vikapelekwa kwa wasanii wa kituo cha Núcleo de Arte mjini Maputo. Hao wengi hawakuwa askari, ila ni watu waliokulia ndani ya vita hivyo.

Kiti cha Kester kinasomeka kama ramani. Mikono yake ni bunduki za Kisovieti aina ya AK-47. Sehemu ya kukalia imeundwa kwa bunduki za Poland na Czechoslovakia, na mguu mmoja wa mbele ni mtutu uliotoka Korea Kaskazini. Mgongo ni bunduki mbili za G3 za Ureno, mkoloni wa zamani. Hakuna hata moja iliyotengenezwa Afrika, ingawa waliouawa nazo ni Waafrika. Juu ya mgongo, matundu ya skrubu na upenyo wa mkanda katika vitako vya bunduki hizo za Ureno huonekana kama macho na mdomo wa mtu anayetabasamu. Kester alieleza kwamba hakuyachonga, aliyakuta hivyo.

Wenyeji wa Lamu na Pate watalielewa jina la kazi hiyo bila kufafanuliwa. Kiti cha enzi cha mwambao, cha mpingo na pembe, kilikuwa cha mgeni wa heshima na mwenye mamlaka. Hapa swali ni nani aliyekikalia wakati wa vita, na kwa gharama ya nani.

Baada ya kiti hicho, Kester na wenzake watatu, Hilario Nhatugueja, Fiel dos Santos na Adelino Serafim Maté, walichomelea vipande vya silaha wakaunda mti wenye uzito wa takriban nusu tani, unaoitwa Mti wa Uhai. Ulianza kuonyeshwa London mwaka 2005.

Bendera ya Msumbiji ingali na picha ya AK-47, pamoja na jembe na kitabu. Na tangu Oktoba 2017, wapiganaji wenye silaha waliposhambulia Mocímboa da Praia, mkoa wa Cabo Delgado unaopakana na Tanzania umo tena vitani. Katika pwani yake, ambako Kimwani na Kiswahili husikika sokoni, mamia ya maelfu ya watu wameyahama makazi yao. Rwanda ilituma askari huko Julai 2021.