Springi Inayokula Jasho

Nilipoacha chuo mwaka wa tatu na kurudi Bomet, nilirudi na vitu viwili vya maana: laptopu iliyokufa betri, na baiskeli ya mlimani niliyonunua Kericho mjini kwa shilingi 11,000. Ilikuwa mtumba, lakini chini ya kiti ilikuwa na springi nene nyekundu kama ya pikipiki. Hiyo springi ndiyo iliyonimaliza. Babu aliizunguka mara moja, akabonyeza kiti kwa kiganja, kikashuka kikapanda. "Hii inapumua," akasema. Nikadhani ni sifa.

Kazi niliyopewa ilikuwa kupeleka maziwa kila asubuhi, lita 20 zimefungwa nyuma kwa mpira. Kutoka kwetu unateremka hadi mtoni, kisha unapanda murram katikati ya chai. Kwenye mteremko nilikuwa mfalme. Kwenye kilima, wueh! Kila nikikanyaga pedali, nyuma inazama, nikilegeza, inainuka. Nilikuwa nakanyaga springi, si barabara. Mzee mmoja wa jirani alinipita kwenye kona akiwa amesimama juu ya Black Mamba yake isiyo na giya hata moja. Palipozidi ukali alishuka akaisukuma bila aibu, na bado sikumfikia. Siku hiyo nilichelewa, maziwa yakakataliwa. Mama hakusema kitu, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi.

Usiku, bando zikiwa bei rahisi, nikaanza kusoma. Kumbe hili tatizo ni la zamani kuliko chai ya Kericho.

Mwaka 1885 kampuni ya Linley na Biggs ya London ilitoa baiskeli iliyoitwa Whippet. Wakati huo matairi yalikuwa mpira mgumu na barabara zilikuwa mawe, kwa hivyo mwendeshaji alitikiswa hadi meno. Wao walichukua kiti, usukani na pedali, wakaviweka kwenye sehemu moja ya fremu, na sehemu hiyo yote ikaning'inia kwa springi. Gurudumu linaruka, wewe unabaki, na umbali kati ya kiuno chako na pedali haubadiliki. Nilisoma hapo mara tatu. Miaka zaidi ya mia kabla ya baiskeli yangu, mtu alikuwa ameshajua kwamba mguu haupaswi kupigana na springi.

Halafu mwaka 1888, kule Belfast, daktari wa mifugo John Boyd Dunlop akamtengenezea mwanawe matairi ya upepo kwa baiskeli yake ya magurudumu matatu. Upepo ulifanya kazi ya springi, tena kwa wepesi. Whippet ikakosa sababu ya kuishi.

Baiskeli ngumu yenye matairi ya upepo ndiyo iliyotufikia huku. Kwanza zilikuja za Uingereza, kama Raleigh ya Nottingham, baadaye za India na China, zote nyeusi, zote nzito, na sisi tukaziita Black Mamba. Springi zilibaki mahali pamoja tu: chini ya kiti cha ngozi. Ukikaa, zinakubembeleza. Ukifika kilimani unasimama, na hapo hazina kazi tena, kwa sababu kati ya mguu wako na gurudumu hakuna kitu cha kukunjika.

Na barabara zetu hazikuchorwa kwa ajili ya baiskeli. Makampuni ya Uingereza yalianza kupanda chai Kericho miaka ya 1920, kwenye ardhi waliyonyang'anywa Wakipsigis. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikapitisha sheria ya kuwahamisha ukoo wa Talai hadi Gwassi. Barabara ndani ya mashamba hayo zilikuwa za mizigo ya kampuni. Wakulima wadogo walipoingia kwenye chai chini ya KTDA, iliyoanzishwa 1964, majani ya vijijini yalianza safari yake kwa mgongo, punda na hiyo Black Mamba.

Springi ya nyuma ilirudi kwa nguvu miaka ya 1990 huko Marekani, na ililetwa na watu wa pikipiki. Mmoja wao ni Horst Leitner kutoka Austria. Shida ni kwamba injini ya pikipiki haichoki, na ikipoteza nguvu kidogo hakuna anayelia. Injini ya baiskeli ni mtu, na mtu husukuma kwa vipindi, mguu huu, kisha ule. Ukikanyaga kwa nguvu, uzito unarudi nyuma na springi inataka kubonyea. Lakini cheni nayo inavuta. Kiungo cha nyuma kikiwekwa mahali panapofaa, mvuto wa cheni unalisukuma gurudumu chini, na nguvu hizo mbili zinamalizana. Ukizidisha, kila jiwe linakurudishia teke kwenye pedali. Leitner alicheza na viungo hivyo. Dave Weagle akaipigia hesabu kali mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kufikia 2012, kwenye Olimpiki za London, Jaroslav Kulhavý wa Jamhuri ya Cheki alichukua dhahabu kwa baiskeli yenye springi nyuma.

Yangu haikuwa ya Kulhavý. Ilikuwa na kiungo kimoja, na springi tupu bila mafuta ya kuituliza. Nilinunua sura.

Fundi wa Litein aliitoa, akapima nafasi, akachomea kipande cha chuma mahali pake. Shilingi 300. Nyuma ikawa ngumu kama jiwe, na kilima nikakipanda. Ila makalio yakaanza kulalamika, kwa hivyo nikaazima kiti cha Black Mamba ya babu, chenye springi zake mbili.

Asubuhi ya tatu alinikuta nafunga maziwa. Akabonyeza kiti kwa kiganja, akacheka.

"Utanirudishia Jumamosi jioni," akasema. "Jumapili naenda kanisani."