Wilaya Ikimegwa, Folda Ibaki Wapi?

Mwaka 2012 Wilaya ya Karagwe ilimegwa, ikazaliwa Kyerwa. Kaisho, Nkwenda na Murongo zikawa chini ya wilaya nyingine bila nyumba hata moja kuhama. Mwaka huohuo Wilaya ya Chato ilitoka Mkoa wa Kagera ikaingia katika mkoa mpya wa Geita. Karani hubadili muhuri, basi. Lakini waandishi wa programu wanaochangia hazina moja ya msimbo hupata balaa: folda ya kagera/karagwe/kaisho sasa inadanganya, na wakiibadili jina, kila programu inayoifuata kwa njia hiyo inakwama.

Kupanga majina kwa mkoa, wilaya, kata na kijiji ni mapokeo ya utawala. Faida yake ni uwajibikaji: ukisoma jina, unajua ofisi ya kuulizia. Lugha ya Java ilifuata mantiki hiyo kwa upande wa umiliki. Taasisi huigeuza anwani yake ya intaneti, mwisho ukawa mwanzo, na kuifanya jina la juu la msimbo wake, ili majina yasigongane. Shida huja umiliki unapohama. Kampuni ya Oracle ilipoikabidhi Java EE, mkusanyiko wa Java kwa mifumo mikubwa, kwa taasisi ya Eclipse Foundation, haki ya jina javax ilibaki kwa Oracle. Ndiyo maana mwaka 2020 Jakarta EE 9, kama Java EE ilivyokuja kuitwa, ililazimika kuacha javax na kutumia jakarta, na ikabidi programu zilizotaka kuhamia toleo hilo zirekebishwe. Kazi ya msimbo ilikuwa ileile. Aliyebadilika ni msimamizi.

Mapokeo mengine yalikuwapo Karagwe kabla ya ramani za wilaya, nayo ni ya ukoo. Ukoo wa Bahinda ulitawala Karagwe, ambako mfalme Rumanyika alimpokea mpelelezi Mwingereza Speke mwaka 1861, na ulitawala pia Ihangiro na Nkore, ambayo leo iko Uganda. Mtu akivuka Mto Kagera pale Murongo, ukoo wake na mwiko wake huvuka naye; hakuna tangazo la serikali linalouvunja. Hata hivyo, ukiambiwa tu kwamba fulani ni Muhinda, bado hujui ni wa wapi. Folda zenye majina matupu ya kazi, kama malipo, mizani na ripoti, zina uimara huo na upungufu huohuo.

Mradi wa mfumo endeshi wa Debian ulipata njia ya tatu baada ya kuumia. Mwishoni mwa 1995 kampuni ya InfoMagic, iliyokuwa ikiuza programu kwenye CD, iliuza toleo lililokuwa bado likitengenezwa na kuliita Debian 1.0. Mradi ukairuka namba hiyo, ukatoa 1.1 mwaka 1996, na folda za matoleo zikaanza kuitwa kwa majina ya wahusika wa filamu ya Toy Story: buzz, rex, bo. Jina la aina hiyo halisemi kama toleo limeiva au bado. Hilo husemwa na kiungo kiitwacho stable, ambacho huelekezwa kwenye toleo jipya siku linapokamilika.

Hapo ndipo uimara wa ukoo na uwazi wa utawala vinapokutana. Chama kikuu cha ushirika, KDCU, bado kina Karagwe katika jina lake ilhali kinahudumia wakulima wa kahawa wa wilaya zote mbili, Karagwe na Kyerwa. Tuseme vijana wa Kayanga, upande wa Karagwe, na wa Nkwenda wanaandika pamoja programu ya mizani kwa ajili ya vyama vya msingi vya ushirika, yaani AMCOS. Folda iitwe kwa kazi yake, kila AMCOS ipewe namba isiyobadilika, na orodha moja ieleze kila AMCOS iko wilaya gani leo. Kyerwa ikimegwa kesho, itabadilika mistari michache ya orodha, na njia za folda zitabaki zilivyo.

Lakini uwajibikaji uliokuwa ukisomeka katika jina utakuwa umehamia kwenye orodha hiyo. Kama hakuna aliyekabidhiwa kuitunza, afadhali mpango wa mkoa na wilaya, pamoja na kasoro zake zote.