Picha za Sinema na Askari wa Mahiwa

Leo twataka kueleza jinsi picha za sinema zilivyotumiwa kugeuza mioyo ya watu kabla ya Vita Vikuu vya Pili. Mambo haya yalitendeka Ulaya, lakini mzizi wake umo katika nchi yetu.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha, Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, walinyang'anywa makoloni yao kwa Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919. Wengi hawakuridhika. Hitler aliposhika serikali mwaka 1933, aliunda wizara ya propaganda chini ya Joseph Goebbels. Propaganda ni habari zilizochaguliwa na kupangwa ili kuwavuta watu upande mmoja, na kazi hiyo hapana chombo kilichoifaa kama sinema. Mtu asiyesoma gazeti hutazama picha. Na akionacho kwa macho hukisadiki upesi. Kwa hiyo mwaka 1934 ilitolewa sheria kwamba hadithi ya sinema ichunguzwe na serikali kabla haijapigwa picha.

Mwaka ule ule ilitoka sinema iitwayo Die Reiter von Deutsch-Ostafrika, maana yake Wapanda Farasi wa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Yasimulia habari za Mdachi mwenye shamba na rafiki yake Mwingereza, ambao vita vya mwaka 1914 vyawatenga. Mdachi ndiye shujaa, lakini Mwingereza naye aonyeshwa kuwa mtu wa heshima. Wakati ule serikali ya Hitler ilikuwa ikitaka urafiki na Uingereza, tena ikitaka watu wake wayatamani makoloni. Picha hiyo ilifaa kwa yote mawili.

Pamoja na sinema kulikuwa na mikutano, vitabu na maonyesho, na neno moja lilirudiwa daima: askari mwaminifu. Watu waliambiwa kwamba Mwafrika aliupenda utawala wa Wadachi, na kwamba angali akiwangoja warudi. Lau wangaliulizwa watu wa Kilwa, jibu lingalikuwa jingine. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, ambavyo si mbali na Mitole. Wadachi walichoma vijiji na vyakula, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Lakini mtazamaji wa Berlin hakuyajua hayo, wala hakuwapo wa kumwambia.

Sasa na tumtazame mmoja wa Waafrika walioonekana katika picha hizo. Jina lake lilikuwa Mahjub bin Adam Mohamed, na huko Ulaya alijulikana kama Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mwana wa askari. Alikuwa mtoto bado alipoingia jeshi la Wadachi pamoja na baba yake. Oktoba 1917 alijeruhiwa huko Mahiwa, kati ya Lindi na Masasi, katika mapigano makali kuliko yote ya vita vile katika nchi yetu, akatekwa na Waingereza. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai mshahara wake na wa baba yake ambao haukulipwa. Aliambiwa amechelewa, akarudi mikono mitupu.

Alikaa huko huko Berlin, akafanya kazi ya kuandalia watu vyakula, na kusaidia kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu. Tena alipewa sehemu ndogo ndogo katika sinema zaidi ya 20, na ile ya mwaka 1934 ni mojawapo. Katika picha alisifiwa kuwa askari mwaminifu. Lakini alipoiomba serikali nishani ya askari wa vita, alinyimwa.

Vita vilipoanza Septemba 1939, upepo uligeuka. Sinema ile ya mwaka 1934 ikapigwa marufuku, kwa kuwa haikumchukia Mwingereza vya kutosha. Picha haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni haja ya wakubwa. Mwaka 1941 ikatoka nyingine, iitwayo Carl Peters, ambayo Mwingereza ndiye adui. Nayo yamfanya shujaa mtu yule ambaye watu wetu walimwita Mkono wa Damu, na ambaye serikali ya Wadachi yenyewe ilimfukuza kazi mwaka 1897 kwa sababu ya ukatili wake huko Kilimanjaro.

Mahjub aliigiza katika picha hiyo pia. Mwaka ule ule alikamatwa, akishtakiwa kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, jambo lililokatazwa kwa Mwafrika. Hakufikishwa mbele ya hakimu. Alipelekwa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, akafa humo tarehe 24 Novemba 1944.

Mwaka 2007 jiwe dogo la ukumbusho wake liliwekwa Berlin. Mwaka 2013 ilitoka sinema ya Majubs Reise, yaani Safari ya Mahjub, iliyokusanya vipande vya picha zile za zamani ambamo alisimama pembeni, ikamweka yeye katikati. Basi sinema yaweza kuficha, na yaweza kufichua.

Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tukionyeshwa picha ya kututia hasira au fahari, yatupasa kuuliza: Ni nani aliyeitengeneza, na kwa faida gani? Ni nani ambaye hakuonyeshwa? Na yule asifiwaye ndani ya picha, nje ya picha alitendewaje? Watazamaji wa Berlin wangaliuliza swali hili la mwisho tu, jibu lilikuwa karibu nao, likiwaandalia chakula mezani.